Daraja

Haidari Fawazi alinifunza kunusa kabla ya kutazama.
"Jicho hudanganywa na rangi, Semkini," alisema,
"pua haina rafiki."
Nilikuwa na miaka kumi na tisa, ghala la Nduli, Julai,
ukungu umekaa juu ya mabati kama mgeni asiyeaga,
na sisi wanawake tumejitanda khanga mbili mbili
tukichambua tumbaku: hili la kwanza, hili la tatu,
hili la kutupa.

Kwao pia ni kusini.
Kwao pia ni tumbaku, mawe, na mizani ya mtu mwingine.
Alinisimulia wakulima walivyokwenda kudai bei
wakajibiwa kwa risasi,
wakarudi na maiti wawili juu ya ngazi za kuchumia zeituni.
"Chama kilianza hapo?"
Akacheka bila meno kuonekana.
"Hapo kilianza kimya."

Kisha redio, ya betri nne,
imefungwa mpira wa baiskeli kiunoni,
ikikoroma Kiarabu juu ya marobota.
Jeshi la jirani lilikuwa limevuka mpaka wa Lebanoni,
na mama yake, mama mzazi, aliwarushia mchele vijana wa vifaru
akidhani wamekuja kuwatoa wengine wenye bunduki
kisha warudi kwao.
Hawakurudi.
Mchele ule uliota, alisema,
ila haukuota mpunga.

Siku ya kumi ya Muharram hakugusa chai.
Alikaa kwenye robota akijipiga kifua polepole
kana kwamba anabisha hodi kwake mwenyewe.
Ndipo nikasikia habari za Husseini na kiu yake,
na za magari ya jeshi yaliyolazimisha njia
katikati ya watu waliokuwa wakimlilia.
Mdogo wake, Shibli, muuza mikate, alikuwa pale.
Asubuhi alitoka na kapu.
Jioni alirudi mikono mitupu,
na hakuuza tena mkate.

Sikuhitaji kufafanuliwa.
Kalenga si mbali na kwetu;
ngome ikivunjwa, watu huchelewa kusahau.

Barua zikaja. Shibli kajenga zahanati.
Shibli kafungua shule ya yatima.
Shibli kabeba kitu ambacho barua haikukitaja.
Yatima wakazidi madawati,
na jirani aliyenong'ona dhidi ya Chama
akahama usiku, bila godoro.

Siku jeshi la kigeni lilipoondoka
Haidari aliligawia ghala zima tende na soda.
Nikamwambia, basi sasa watazika bunduki.
Alinyamaza hadi saa ya kufunga mlango.
"Moto wa bani unaukesha siku saba jani liive.
Ukiuacha uwake ya nane, hupati tumbaku.
Unapata majivu na deni."

Siku ya nane ilikuwa ndefu.
Mtoto wa Shibli alitumwa nchi ya pili
kuuzingira mji wenye njaa
(wenye kiu, Semkini, wenye kiu)
akafia upande wa wenye maji.

Picha yake ilifika Iringa kwa bahasha:
kijana, ua jekundu, neno *shahidi* kwa wino wa dhahabu.
Haidari hakuitazama.
Aliinusa.
Kisha akaiweka kwenye gunia chini ya meza,
pamoja na majani aliyoshindwa kuyapa namba,
yale aliyokuwa akisema, hili nitalipanga kesho.

Ghala sasa linatunza parachichi.
Mjukuu wangu karudi shuleni ameambiwa *magaidi*;
mwenzake wa madrasa kaambiwa *mashujaa*.
Wamekuja kwangu wote wawili, viatu vina tope,
wanataka jibu moja kabla ya giza.

Nimelitoa gunia.
Panya wamekula kona, harufu ipo bado.
Kaeni, nimesema. Fumbeni macho.